Maswali ya wasomaji: Maelezo ya zana anazokabidhiwa wakala wa akili unde

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wahandisi wa hapa Nairobi ambao wameanza kuwaachia mawakala wa akili unde, yaani programu ambazo modeli ya lugha huziongoza kuchagua zana na kufanya kazi, jukumu la kuangalia programu zinazoendeshwa kwenye wingu: kusoma logi (kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu), kuongeza nakala za programu zinazokwenda sambamba inapozidiwa, kuwasha upya kilichokwama. Kwa kuwa malalamiko yanakaribiana, tumechagua machache na kuyajibu pamoja. Majina ya zana yamewekwa kwa Kiswahili ili hata msomaji asiyeandika programu aweze kufuatilia.

Swali: Mhariri, ofisi yetu inaendesha programu ya kukata tiketi za mabasi ya masafa marefu. Tulimpa wakala zana kadhaa, mojawapo ikiwa ni washa_upya, yenye maelezo haya: “Zana ya kuwasha upya programu.” Ijumaa moja jioni, abiria wakiwa wengi, mwenzetu alimwandikia wakala, “Programu inakwenda polepole, hebu iangalie.” Wakala akaiwasha upya papo hapo, na abiria waliokuwa katikati ya kulipa wakakatika. Modeli tunayoitumia ni miongoni mwa zile zinazosifiwa sana. Je, tuibadilishe?
*Msomaji, Kilimani*

Jibu: Msiibadilishe kwanza. Isomeni tena ile sentensi mliyompa wakala, kisha mjiulize kama ndani yake kuna neno hata moja linalomkataza kufanya alichofanya.

Modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inachokiona ni jina la zana, maelezo yake, na skima inayoorodhesha vigezo vinavyohitajika, yaani nafasi za kujazwa zana inapoitwa, basi. Njia hii ya kufanya kazi ilienea baada ya OpenAI kuiweka katika API yake, yaani njia ambayo programu nyingine huitumia modeli, mwezi Juni 2023, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ambayo wengi huifupisha kuwa MCP, ili zana iliyoandikwa mara moja iweze kutumiwa na programu nyingi tofauti. Chini ya itifaki hiyo, programu ya wakala huiomba seva orodha ya zana, orodha hiyo huwekwa mbele ya modeli pamoja na maneno ya mtumiaji, kisha modeli hujibu kwa kutaja jina la zana inayoitaka na thamani za vigezo vyake. Utekelezaji wenyewe hufanywa na programu. Kwa hiyo jambo ambalo kila mtu ofisini kwenu analijua, kwamba Ijumaa jioni hakuna anayethubutu kuigusa programu ya tiketi, kwa wakala halipo mpaka liandikwe. Yeye ni kama soja mpya aliyeletwa getini leo jioni: anajua tu yale aliyoachiwa katika daftari la zamu.

Sasa tazameni maelezo yale yale yakiandikwa upya:

“Huzima na kuwasha tena nakala zote za programu moja. Itumie pale tu mtumiaji anapoomba waziwazi programu iwashwe upya, au baada ya kubadilisha usanidi ambao programu huusoma inapoanza. Usiitumie kuchunguza chanzo cha ulegevu au cha hitilafu. Kwa kazi hiyo tumia soma_logi na soma_vipimo, ambazo hazibadilishi chochote. Programu inapowashwa upya, maombi yaliyokuwa yakiendelea hukatika, yakiwemo malipo. Hairudishi toleo la awali. Kwa hilo tumia rudisha_toleo. Zana hujibu mara tu amri inapopokelewa, si programu inapokuwa tayari; thibitisha kwa soma_hali kabla ya kumwambia mtumiaji kuwa imewaka.”

Maelezo haya ni marefu kuliko yenu ya awali, na si vibaya yakiwa hivyo. Sentensi ya kwanza inasema zana inafanya nini kwa kitu gani, yaani nakala zote za programu moja, wala si seva nzima wala si nakala moja iliyougua. Zinazofuata zinaeleza itumike lini na, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau, isitumike lini na badala yake itumike ipi. Katazo lisilotaja njia nyingine humwacha wakala na kazi mkononi asijue pa kwenda nayo, na mara nyingi atairudia ile ile zana iliyokatazwa kwa sababu ndiyo pekee inayokaribiana na ombi. Angalieni pia kwamba athari imetajwa kwa lugha ya mambo yanayowapata watu, kwamba malipo yatakatika. Modeli ikishajua hivyo ina sababu ya kumuuliza mtumiaji kwanza.

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo mimi huitafuta kwanza ninapokagua kazi ya watu. Huduma nyingi za wingu hupokea amri, zikajibu kuwa mambo ni sawa, kisha zikaendelea na kazi yenyewe pembeni kwa sekunde au dakika kadhaa. Wakala asiyelijua hilo ataangalia mara moja, akute programu bado haijawaka, adhani amri haikupita, airudie. Nimeona logi za wakala aliyekuwa akiiwasha upya programu kila ilipokaribia kuwa tayari, na kila mara akiandika kwa adabu kwamba anajaribu tena.

Kuna tahadhari moja. Msinakili maelezo yangu kama yalivyo. Ikiwa programu yenu iko kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye seva nyingi, na ina nakala kadhaa, kuwasha upya kwa njia ya kawaida hubadilisha podi (kila podi hubeba nakala moja) kwa zamu, mpya zikiingia kabla ya zote za zamani kuondoka, hivyo huenda malipo yasikatike kabisa. Katika hali hiyo andikeni hivyo. Lakini mwongeze jambo jingine: podi za zamani zikiondoka, logi zake huondoka nazo isipokuwa zimehifadhiwa kwingine, na kwa hiyo anayewasha upya kabla ya kusoma logi huenda akaufuta ushahidi wa tatizo analolitafuta. Maelezo ya zana yawe kweli kwa mfumo wenu, na mfumo ukibadilishwa, yabadilishwe siku hiyo hiyo na mtu yule yule, katika badiliko lile lile la msimbo.

Swali: Wakala wetu huchagua zana sahihi lakini huvijaza vigezo vibaya. Alipoambiwa aiongezee programu kumbukumbu aliandika 512m, na podi hazikuweza kuwaka. Siku nyingine aliambiwa apange kazi ya kufunga hesabu ifanyike saa mbili usiku, ikafanyika saa kumi na moja alfajiri. Tunamwekeaje maagizo asirudie?
*Mhandisi, Westlands*

Jibu: Makosa yote mawili yana maelezo ya kuridhisha, na yote mawili yanaanzia kwenye kigezo kilichoachwa wazi.

Katika Kubernetes, herufi m ndogo inayofuata nambari ina maana ya sehemu moja ya elfu. Kwenye kipimo cha kichakataji hiyo ndiyo desturi, kwani 500m ni nusu ya kiini kimoja cha kichakataji. Kwenye kumbukumbu, hata hivyo, 512m ni baiti 0.512, ambayo haitoshi kuhifadhi hata herufi moja ya barua yako. Alichokitaka mwenzenu ni 512Mi, yaani baiti 536,870,912. Na 512M nayo ni kitu kingine, baiti 512,000,000. Binadamu wazoefu hukosea hapo, na modeli iliyojifunza kutokana na maandishi ya binadamu hao haina sababu ya kuwa salama zaidi.

Wengi wangeongeza katika maelezo sentensi ya kumkumbusha wakala atumie Mi. Mimi ningemwondolea nafasi ya kukosea. Kiiteni kigezo kumbukumbu_mib, kiwe nambari kamili, mweke katika skima kiwango cha chini na cha juu mnachokikubali, tuseme 128 hadi 4096, kisha msimbo wenu ndio uambatishe Mi. Maelezo ya kigezo yatabaki mafupi: “Kumbukumbu ya kila nakala moja, kwa mebibaiti, si jumla ya nakala zote.” Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu mtumiaji akisema programu yenye nakala nne ipewe gigabaiti mbili, ni lazima mtu ajue kama ni mbili kwa kila moja au mbili za kugawana.

Kanuni hiyo hiyo inahusu majina ya maeneo ya seva. Makampuni matatu makubwa ya wingu yana vituo Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, AWS huko Cape Town tangu 2020, na Google huko Johannesburg tangu 2024. Cha AWS huandikwa af-south-1, cha Google africa-south1, na kimoja cha Microsoft southafricanorth. Mtumiaji akisema “ipeleke Afrika Kusini”, wakala anayejaza nafasi tupu anaweza kwa urahisi kuandika jina la kampuni nyingine, au kuchanganya mawili akapata la tatu lisilokuwepo. Wekeni katika skima orodha iliyofungwa ya maeneo mnayoyatumia, na katika maelezo mweleze kila moja liko mji gani.

Tukija kwenye saa, kisa chenu kina makosa mawili yaliyopandana. Saa mbili usiku ni 20:00 za Nairobi, ambazo ni 17:00 za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Wakala alisikia mbili akaandika 02:00, bila kutaja ni saa za wapi. Mfumo, kama ilivyo kawaida ya seva nyingi, ukazichukulia kuwa ni za UTC. Na 02:00 za UTC hapa kwetu ni 05:00, saa kumi na moja alfajiri. Laiti lingekuwa kosa moja tu, mngeligundua mapema.

Maelezo ya kigezo hicho yanaweza kuwa hivi: “Wakati wa kuanza kazi, kwa muundo wa ISO 8601 wenye tofauti na UTC, kwa mfano 2025-11-28T20:00:00+03:00. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, zihesabu kwa saa za Kiswahili: saa moja asubuhi ni 07:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kupanga.” Msimbo nao ukatae wakati wowote usio na +03:00 au tofauti nyingine iliyo wazi. Kisha jibu la zana lirudishe wakati uliopangwa kwa namna mbili, “20:00 saa za Nairobi, saa mbili usiku, Ijumaa”, ili mtumiaji alione kosa kabla halijatokea. Sisi wenyewe hatusaidii sana katika jambo hili, kwa sababu mtu yule yule anayeandika “saa mbili usiku” asubuhi ataandika “saa 20:00” jioni bila kujihisi amebadilisha chochote. Kwa kazi zinazojirudia, Kubernetes ina sehemu ya kutaja eneo la saa katika CronJob, ambayo imekuwa imara tangu toleo la 1.27 la mwaka 2023. Andikeni humo Africa/Nairobi, wala msimwachie wakala kazi ya kutoa saa tatu kichwani.

Swali: Ili kuokoa muda tuliandika programu fupi iliyogeuza kila amri ya API ya mtoa huduma wetu kuwa zana, zikapita mia moja. Maelezo tuliyachukua katika nyaraka zake. Mbona wakala amezidi kubabaika?
*Msomaji, barabara ya Mombasa*

Jibu: Kwa sababu nyaraka zile ziliandikiwa mhandisi ambaye tayari ameshaamua anataka amri ipi, na anazifungua ili kujua jinsi ya kuiandika. Wakala bado hajaamua. Anazisoma zote mia kwa pamoja, na kila moja inachukua tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma kwa kiasi chenye kikomo) ambazo zingetumika kwa logi na mazungumzo, na nyingi zinaanza kwa maneno yanayofanana: husasisha rasilimali, hupata rasilimali, huorodhesha rasilimali.

Anzeni upya kwa kuandika kazi ambazo timu yenu humtuma wakala kwa kweli. Pengine hazifiki ishirini. Kila kazi ipate zana yake, hata kama ndani yake itaita amri nne za API: zana moja ya kueleza hali ya programu inaweza kurudisha toleo linaloendeshwa, idadi ya nakala zilizo hai, hitilafu za hivi karibuni na badiliko la mwisho la usanidi, jambo ambalo lingemgharimu wakala safari nne na nafasi nne za kukosea. Zana mbili zikifanana kiasi kwamba mwenzako wa dawati la pili anasita kusema ipi ni ya nini, ziunganishe au ubadilishe majina. Nimekutana na futa_nakala mbili katika mfumo mmoja, moja ikipunguza idadi ya nakala za programu na nyingine ikifuta nakala rudufu za hifadhidata, zikitofautishwa na tarakimu 2 tu mwishoni mwa jina. Hilo lingemponza hata binadamu.

Swali: Katika zana ya kufuta hifadhidata tumeandika kwa herufi kubwa: USIFUTE HIFADHIDATA YA WATEJA KAMWE. Bosi anasema inatosha. Mimi moyo hautulii.
*Msomaji, Upper Hill*

Jibu: Moyo wako uko sahihi, na ninakuomba umwonyeshe bosi jibu hili. Maelezo humwongoza wakala katika kuchagua, nayo hufanya kazi hiyo vizuri mara nyingi. Lakini kitu kinachofanya kazi mara nyingi hakiwekwi kulinda hifadhidata ya wateja. Ulinzi hukaa kwenye ruhusa. Akaunti anayoitumia wakala isiwe na uwezo wa kufuta chochote katika mazingira ya wateja, ili hata akikosea, akidanganywa au akielewa visivyo, wingu lenyewe limkatalie.

Kudanganywa si jambo la kufikirika. Wakala husoma logi, na ndani ya logi mna maneno yaliyoandikwa na watu wa nje: jina ambalo mteja amejaza kwenye fomu, ujumbe wa malalamiko, anwani ya ukurasa. Mtu anaweza kuandika katika nafasi ya jina sentensi yenye sura ya amri, na modeli ikashindwa kutofautisha agizo lako na maneno ya mpita njia. Kwa hiyo maelezo ya soma_logi yaseme kwamba yaliyomo ni data ya kuchunguzwa, yasifuatwe kama maagizo. Na pamoja na kusema hivyo, zana za kusoma na zana za kubadilisha zitumie akaunti tofauti.

Toleo la MCP la Machi 2025 liliongeza vidokezo ambavyo mwandishi wa zana anaweza kuviambatisha, kama readOnlyHint kwa zana inayosoma tu na destructiveHint kwa inayoweza kuharibu. Ukinyamaza, itifaki huichukulia zana kuwa si ya kusoma tu na kwamba inaweza kuharibu, jambo ambalo ni la busara. Vitumieni, kwani programu nyingine huvitazama ili kuamua kama zimwombe mtumiaji idhini. Lakini jina lake ni vidokezo, na itifaki yenyewe inaonya visiaminiwe vinapotoka kwa seva isiyoaminika.

Kama kufuta ni lazima kuwepo, kugawanyeni. Zana ya kwanza iandae tu: itaje kitakachofutwa, ukubwa wake, nakala rudufu ya mwisho ilichukuliwa lini, na itoe namba ya ombi. Ya pili itekeleze ikipewa namba hiyo pamoja na idhini ambayo binadamu ameitoa nje ya mazungumzo na wakala. Maelezo ya zana ya pili yaseme hivyo, ili wakala asipoteze muda kutafuta idhini mahali isipopatikana.

Na kwa kuwa tumetaja logi: zikiwa na nambari za simu za waliolipa kwa M-Pesa, zifichwe na msimbo kabla hazijafika kwa modeli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kupeleka data binafsi nje ya Kenya, na modeli nyingi tunazoziita kwa API zinaendeshwa nje ya nchi. Maelezo yanayomwomba wakala “asitaje nambari za simu” hayasaidii kitu hapo, akishazisoma, zimeshasafiri.

Swali: Tuandike maelezo kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?
*Msomaji, Ruaka*

Jibu: Modeli kubwa za sasa huzielewa zote mbili. Kiswahili kwa kawaida hukatwakatwa katika tokeni nyingi zaidi, hivyo maelezo yaleyale hugharimu zaidi kidogo. Mimi huwashauri watu waandike kwa lugha ambayo anayekagua maelezo hayo anaweza kulinasa kosa ndani yake bila kukaza macho, kwa kuwa maelezo yasiyokaguliwa ndiyo ghali zaidi. Majina ya vigezo na thamani zake yabaki vilevile yanavyotumika kwenye mfumo, msitafsiri af-south-1.

Hata mkichagua Kiingereza, ingizeni humo maneno ambayo watumiaji wenu huyasema. Katika ofisi za Nairobi programu haijibu, imelala, imekwama, imehengi, iko chini, na kila moja inaweza kumaanisha jambo tofauti kidogo. Sentensi moja katika soma_hali, “Tumia hii kwanza mtumiaji akisema programu imelala, imekwama, imehengi au iko chini,” humwepusha wakala na kukisia kwamba kilicholala ni mashine iliyowekwa katika hali ya kupumzika.

Swali: Tutajuaje kuwa maelezo mapya ni bora kuliko ya zamani? Kila mtu kwenye timu ana maoni yake.
*Msomaji, Kileleshwa*

Jibu: Wekeni maoni kando, mkusanye maombi ambayo watu wamewahi kumwandikia wakala, kwa maneno yao wenyewe, na makosa yao ya tahajia mkiyaacha. Kwa kila ombi andikeni zana inayotarajiwa na vigezo vyake. Ongezeni maombi ambayo hayapaswi kuita zana yoyote, kama mtu anayeuliza tu nakala ni nini, na yale ambayo jibu sahihi ni kumuuliza mtumiaji swali. Yaendesheni dhidi ya maelezo ya zamani na mapya katika mazingira ya majaribio, na kila ombi liendeshwe zaidi ya mara moja, kwa sababu modeli haijibu sawasawa kila mara. Badilisheni sentensi moja kwa wakati, la sivyo mtapata nafuu msijue imetoka wapi.

Kisha msome wakala alichokiita, mstari kwa mstari. Jibu lake la mwisho peke yake halitoshi, kwa sababu anaweza kufikia jibu zuri kwa njia ambayo hamtaki aifuate tena. Akiita zana moja mara tatu mfululizo kwa thamani zile zile, karibu kila mara tatizo liko katika jibu alilorudishiwa. Majibu ya hitilafu ni sehemu ya maelezo, ila yanasomwa baadaye kidogo. “Hitilafu 400” haimwambii kitu. Linganisheni na hili: “Programu tiketi-jaribioo haipo. Zilizopo ni tiketi-jaribio na tiketi-wateja. Ukitaka majaribio, tumia tiketi-jaribio. Usichague tiketi-wateja bila mtumiaji kuitaja kwa jina.” Wakala aliyekosea herufi moja ataisahihisha mwenyewe, na hatahamia kwenye mazingira ya wateja kwa sababu tu ndiyo aliyoyaona kwenye orodha. Anzeni na hitilafu tano zinazojitokeza zaidi kwenye logi zenu, mziandike upya kwa namna hiyo, kisha myaendeshe tena yale maombi kabla ya kugusa maelezo ya zana yenyewe.